Viunganishi katika hotuba za wanafunzi: walimu wanauliza, tunajibu

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa walimu wanaofundisha hotuba za kuarifu, yaani zile zinazompa msikilizaji maarifa bila kumshawishi achukue upande. Karibu zote zinagusa jambo moja: maneno ya kuunganisha mawazo. Tumechagua sita.

Niliwapa wanafunzi orodha ya viunganishi zaidi ya thelathini na kuwataka wavitumie katika hotuba ya dakika tatu. Sasa kila sentensi inaanza na "aidha" au "hata hivyo", hata pasipo na kinachopingana. Nianzie wapi kurekebisha?
*Mwalimu wa kidato cha kwanza*

Mwalimu, anzia kwenye uhusiano wa mawazo, neno lije baadaye. Kiunganishi hakizai uhusiano, kinautangaza tu. Mwanafunzi asiyejua kama wazo la pili ni sababu ya la kwanza, ni tokeo lake au linakwenda kinyume nalo, orodha ndefu itampa njia thelathini za kubahatisha.

Kwa hiyo iweke orodha kando kwa muda. Andika ubaoni sentensi mbili zisizo na kiunganishi chochote:

Mwanga wa radi na ngurumo hutokea karibu wakati mmoja. Mwanga tunauona kwanza, ngurumo tunaisikia baadaye.

Usiulize "tutumie kiunganishi gani?" Uliza: sentensi ya pili inaifanyia nini ya kwanza? Waache wajibu kwa maneno yao. Watasema inashangaza, au haikutarajiwa baada ya ile ya kwanza. Jibu hilo likishapatikana, waulize sisi husemaje tunapotaka kumwonyesha mtu kwamba kinachofuata ni kinyume na alivyotarajia. "Lakini", "ila" na "hata hivyo" vitakuja vyenyewe. Ongeza sentensi ya tatu: mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Hii inafanya nini? Inatoa sababu. Kisha ya nne: sekunde 3 kati ya mwanga na ngurumo ni umbali wa kilomita 1 hivi. Hili ni tokeo la hesabu hiyo. Mwishowe darasa litakuwa limejenga kitu kama hiki:

"Mwanga wa radi na ngurumo hutokea karibu wakati mmoja. Hata hivyo, mwanga tunauona kwanza, kwa sababu husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ilhali sauti husafiri mita 340 tu. Ndiyo maana tunaweza kukadiria umbali wa radi: kila sekunde 3 zinazopita kati ya mwanga na ngurumo ni kama kilomita 1."

Sasa ondoa "hata hivyo", weka "aidha", kisha usome kwa sauti. Darasa litasikia kwamba mshangao umepotea na sentensi mbili zimebaki zimekaa tu pamoja. Zoezi hili la kubadilisha neno moja na kusikiliza kilichoharibika hufundisha kuliko orodha yoyote, maana mwanafunzi anasikia kazi ya neno badala ya kukariri jina la kundi lake.

Kwa muhula mzima mahusiano sita yanatosha, maneno mawili kwa kila moja: kuongeza (pia, vilevile), kupinga (lakini, hata hivyo), sababu (kwa sababu, kwa kuwa), tokeo (kwa hiyo, ndiyo maana), mfuatano (kwanza, kisha) na mfano (kwa mfano, kama vile). Kati ya hayo, "ndiyo maana" tunaipenda sana darasani. Inamlazimisha mwanafunzi awe ameshataja sababu, kwani bila sababu mbele yake haikai. "Kwa hiyo" imechoka. Wengi huitumia kuvuta pumzi. Wape kipimo hiki: chukua sentensi inayoanza na "kwa hiyo", iulize "kwa nini?" Kama sentensi iliyotangulia haijibu swali hilo, kiunganishi kitoke.

"Kwa mfano" nayo ina kipimo chake. Inayofuata lazima iwe moja au mbili kati ya nyingi. Mwanafunzi anayesema "maji yana hali tatu, kwa mfano barafu, maji ya kawaida na mvuke" amezitaja zote, hivyo alihitaji "yaani" au "nazo ni".

Wanafunzi wangu wanaandika insha nzuri, zenye viunganishi sahihi. Wakizitoa kama hotuba, wenzao hawajui hoja ya kwanza iliishia wapi na ya pili ilianzia wapi. Tatizo ni sauti?
*Mwalimu wa sekondari*

Sauti inachangia, lakini chanzo ni kwamba msomaji ana macho. Anaona aya mpya, anaweza kurudi juu ya ukurasa. Msikilizaji hana aya na hawezi kurudi nyuma. Neno moja kama "aidha" linalotosha mwanzoni mwa aya hupita masikioni bila kuacha alama.

Penye kiungo kikubwa, yaani kutoka hoja moja kwenda nyingine, mfundishe mwanafunzi kutumia sentensi nzima ya mpito inayofanya kazi mbili: kufunga na kufungua. "Tumeona kwa nini ngurumo huchelewa kutufikia. Sasa tuangalie jinsi tunavyotumia uchelewaji huo kupima umbali." Neno "uchelewaji" ndilo linaloshika pande zote mbili. Mpito usio na neno la namna hiyo, kama "sasa niende kwenye hoja ya pili", unataja namba tu.

Mbali na mipito, mwanzoni pawe na sentensi ya dira: "Nitaeleza mambo matatu: chanzo cha radi, sababu ya ngurumo kuchelewa, na jinsi ya kujikinga." Maneno ya dira lazima yarudi vilevile yalivyo. Aliyetangaza "kujikinga" asifike huko akasema "tahadhari". Katika insha huwa tunawaonya wasirudierudie neno, na onyo hilo linawaharibia hotuba, kwa sababu kwa msikilizaji neno lililorudi ndilo linalomjulisha kwamba tumefika pale alipoahidiwa.

Kuhusu kiasi: hotuba ya dakika 4, kwa mwendo wa maneno kama 100 kwa dakika, ina maneno 400 hivi. Ikiwa na hoja tatu, weka dira moja, mipito miwili, na sentensi moja ya kuingia hitimisho. Kila moja ikichukua maneno 15 hadi 20, jumla ni 60 hadi 80. Usipande zaidi ya hapo, maana hotuba itaanza kujieleza yenyewe badala ya kueleza mada. Muhtasari mdogo wa katikati ("kwa hiyo hadi sasa tuna mambo mawili...") uwekwe mara moja tu, baada ya hoja iliyo ngumu kuliko zote.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni "kwanza" yatima: mwanafunzi anasema "kwanza", halafu "pili" haiji kamwe, na msikilizaji anabaki kuisubiri. La pili ni namba ndani ya namba, yaani hoja ya pili yenye "kwanza" na "pili" zake. Ndani ya hoja tumia majina ya vitu vyenyewe, namba ziachie hoja kuu.

Na sauti je? Kituo kikae kabla ya mpito, kwa sekunde 2 hivi, macho yakiwa kwa wasikilizaji. Wengi hufanya kinyume: wanaunganisha mwisho wa hoja na mwanzo wa mpito kwa pumzi moja, kisha wanasimama baada ya "hata hivyo" kutafuta sentensi kwenye karatasi.

Je, hotuba yenye viunganishi vichache ni dhaifu?
*Mwalimu wa darasa la saba*

La hasha. Kiswahili huunganisha kwa njia nyingi nje ya kundi hilo la maneno. Tazama maelezo haya, ya namna tunayokutana nayo kila siku (lava ni mdudu mchanga aliyetoka kwenye yai, pupa ni hatua anapogeuka kuwa nyuki kamili):

"Malkia wa nyuki hutaga yai. Kisha yai huanguliwa baada ya siku 3. Kisha lava hulishwa. Kisha seli hufunikwa. Kisha lava hugeuka pupa. Kisha nyuki hutoka."

Na haya:

"Malkia wa nyuki hutaga yai, nalo huanguliwa baada ya siku 3. Lava anayetoka hulishwa na nyuki wafanyakazi kwa siku 6 hivi, kisha seli yake hufunikwa kwa nta. Humo ndani ndimo anamogeuka pupa. Siku ya 21 hivi tangu yai litagwe, nyuki mfanyakazi aliyekamilika hutafuna kifuniko na kutoka."

"Kisha" imebaki moja, pale ambapo hatua inabadilika kweli, kutoka kulishwa hadi kufungiwa. Kwingine kazi imefanywa na "nalo", na kirejeshi katika "anayetoka", na "humo ndani ndimo", na hesabu ya siku zenyewe. Ongeza hapo -ki- ("maji yakichemka"), -po- ("mvuke unapopoa") na -ka- ya masimulizi ("mvua ikanyesha, mto ukajaa"). Mwanafunzi anayetumia -ka- vizuri hahitaji kuweka "halafu" kila mara, kwani -ka- yenyewe inasema jambo limefuata jingine.

Chombo chenye nguvu kuliko vyote ni kiashiria cha kurejelea: hiyo, hilo, huo, hayo. Nacho kina hatari yake. "Joto likapanda na unyevu ukapungua. Hali hiyo huathiri mimea." Hali ipi kati ya hizo mbili? Wafundishe kukipa kiashiria jina: "ongezeko hilo la joto", "upungufu huo wa unyevu". Wakizoea hili pekee, nusu ya mashimo katika hotuba zao yatazibika.

Naomba ufafanuzi wa aidha, bali, licha ya, na ingawa. Wanafunzi wanavichanganya na mimi mwenyewe nina mashaka.
*Mwalimu mpya*

"Aidha" katika Kiswahili sanifu ni "vilevile, isitoshe". Haitoi uchaguzi. Usemi "aidha uende au ubaki" usahihishwe kuwa "ama uende au ubaki".

"Bali" hudai ukanushi mbele yake: "Popo si ndege bali ni mamalia." Bila ukanushi, tumia "lakini".

"Licha ya" hufuatwa na nomino au kitenzi-jina, na ina maana mbili: kuongeza ("licha ya kutoa asali, nyuki huchavusha maua") na kupinga ("licha ya mvua kubwa, kisima kilikauka"). Kwenye maandishi msomaji hutambua kwa kusoma tena. Kwenye hotuba ni salama zaidi kusema "mbali na" kwa kuongeza na "ingawa" kwa kupinga.

"Ingawa" ikishatangulia, "lakini" haina kazi katika sentensi hiyohiyo. Utaisikia sana mitaani. Katika hotuba rasmi chagua moja.

Ongeza mbili ambazo hukuuliza. "Ili" hutaka kitenzi cha dhamira: "ili maji yachemke", si "ili maji yanachemka". Nayo "kwani" isianze sentensi ya hotuba, maana sikio huipokea kama mwanzo wa swali. Iweke katikati, baada ya jambo inalolieleza.

Wakifanya mazoezi wanaunganisha vizuri. Wakisimama mbele za watu, viunganishi vyote vinageuka "yaani" na "eee".
*Mlezi wa klabu ya hotuba*

Hofu hula maneno madogo kwanza, kwa sababu mwanafunzi amekariri hoja lakini hakukariri viungo. Geuza utaratibu. Kwenye kadi yake asiandike hoja kwa ukamilifu. Aandike sentensi za mipito neno kwa neno, kwa herufi kubwa, na hoja kwa maneno matatu au manne tu. Hoja anaifahamu, ataieleza. Mpito ndio unaopotea.

Kisha wafanye zoezi la wawiliwawili. Mmoja anaeleza mada, mwenzake ana vipande vya karatasi vilivyoandikwa SABABU, TOKEO, KINYUME, MFANO. Msemaji akimaliza sentensi, mwenzake anainua kipande, naye lazima aendelee kwa uhusiano huo. Dakika 5 kwa kila mmoja zinatosha. Mwanzoni watakwama sana kwenye KINYUME, ni kawaida.

"Yaani" usiipige marufuku. Ni neno halali linapofafanua istilahi: "lava, yaani mdudu kabla hajapata umbo la utu uzima". Mwambie mwanafunzi kila "yaani" ifuatwe na ufafanuzi, na penye kutafuta neno anyamaze. Kimya cha sekunde moja kinamtisha yeye tu, wasikilizaji hawakioni.

Nisahihisheje? Nimekuwa nikihesabu viunganishi na kutoa alama moja kwa kila kimoja.
*Mwalimu wa kidato cha tatu*

Kuhesabu kunawazawadia wanaonyunyiza, nao watanyunyiza. Pima kilichomfikia msikilizaji. Chagua wanafunzi wawili wasioiona hotuba kabla. Wakiwa wanasikiliza, waandike hoja kuu na namna hoja moja inavyohusiana na inayofuata. Msemaji naye akupe mpango wake kabla ya kuanza. Baadaye linganisha.

Katika alama 10, toa 4 ikiwa hoja zote zimetambuliwa na wote wawili, 3 ikiwa mahusiano yameandikwa kama yalivyokusudiwa, na 3 kwa usahihi wa lugha ya viunganishi vilivyotumika, viwe vitano au kumi na vitano. Wasikilizaji wote wawili wakipotea mahali pamoja, hapo mpito una kasoro, na msemaji aurekebishe na kuutamka upya siku hiyohiyo. Akipotea mmoja tu, muulize alisikia nini kabla hujakata alama.