Swali la Lugha: Je, Protini "Husimamia"?

SWALI: Ninaandaa muhtasari wa Kiswahili kuhusu utafiti wa jeni. Nimeandika: "Mwingiliano wa kromatini unaosimamiwa na protini huunganishwa na fomalini, kisha huunganishwa na kimeng'enya." Mhariri ameurudisha, anasema haueleweki. Kosa liko wapi?

JIBU: Kisarufi sentensi ni nzima. Kinachoiangusha ni "huunganishwa" kubebeshwa kazi mbili zisizofanana.

Tazama kinachotendeka. DNA ya seli moja ya binadamu ina urefu wa mita 2 hivi, nayo imekunjwakunjwa ndani ya kiini, hivyo sehemu zilizo mbali kwenye uzi huweza kuwa jirani. Protini kama CTCF na kohesini huchangia kuzileta pamoja. Katika ChIA-PET, mbinu ya kutambua sehemu za DNA zilizokutanishwa na protini, iliyotangazwa mwaka 2009 na watafiti waliokuwa Singapore, fomalini hugandisha kila kitu mahali kilipo, kromatini (yaani DNA pamoja na protini zilizoishika) hukatwakatwa, kingamwili huinasa protini inayotafutwa pamoja na DNA iliyoishika, ndipo ncha za vipande vilivyo jirani zikaungwa kwa kimeng'enya na mfuatano wa DNA yake kusomwa. HiChIP, mbinu ya jamii hiyo iliyokuja 2016, hutanguliza kuunga ncha, kingamwili hufuata. Sasa ukiandika "huunganishwa" kila mahali, msomaji atajuaje ni hatua ipi iliyotangulia?

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Protini hukutanisha: kutoka kuta tunapata kutana, kisha kutanisha, na mnyambuliko wenyewe unaonyesha kwamba pande mbili zinakutana na yuko wa tatu anayezikutanisha. Fomalini hugandisha. Kimeng'enya huunga ncha kwa ncha, kama kamba.

"Kusimamia" kuachie mameneja na walinzi wa mitihani.

Kuna pia "na" na "kwa". Mtenda huja na "na", chombo na "kwa": nyama imekatwa na Juma kwa kisu. Protini ndani ya seli haitumwi na mtu, basi ni "na". Fomalini inamiminwa na mtafiti. "Kwa" inaifaa zaidi. Kimeng'enya wengine watakiandikia "na", nami sitagombana nao.

"Mwingiliano" nao una walakini hapa. Maabara haioni vipande vikitendeana lolote, inaona vilikuwa karibu. Mimi ningeandika hivi: "Sehemu za DNA zilizokutanishwa na protini hugandishwa kwa fomalini; kromatini ikishakatwa, ncha zilizo jirani huungwa kwa kimeng'enya."