Kupulizia salfa angani: dawa au balaa?

SWALI: Mhariri, mbona mnapinga mpango wa kumwaga salfa angani ili dunia ipoe, ilhali volkano imeshaonyesha inawezekana?

JIBU: Kweli, ndugu msomaji, volkano ya Pinatubo huko Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991, dunia ilipoa kwa takriban nyuzi 0.5 za Selsiasi. Lakini chembe za salfa ilizorusha angani, zilizokuwa zikikinga mwanga wa jua, zilishuka, na baada ya miaka michache joto likarudi. Kwa hiyo ndege zitapulizia mwaka nenda mwaka rudi, huku hewa ya kaboni inayoleta joto ikirundikana. Zikisimama ghafla, tuseme kwa vita, joto lote lililozuiwa litatuangukia kwa mkupuo. Bahari nayo itazidi kuwa na asidi kwa kaboni hiyo. Mimi hasa naogopea mvua (wenye ndege hawalimi!): mvua zikihama, mkulima amshtaki nani?