Iulize seva kabla hujapaka rangi

Vijana wa mafunzo kwa vitendo wakifika ofisini kwetu hapa Area C, Dodoma, huwapa wote kazi ileile ya kwanza: fungua dirisha moja kwa Xlib tupu (maktaba ya C ya kuzungumza na seva ya X, programu inayochora madirisha kwenye skrini), ulipake nyekundu. Wengi humaliza kabla ya chai ya saa nne. Kisha huwaambia waiendeshe programu hiyohiyo kwenye kompyuta ya pembeni. Dirisha linakuja jeusi, na kijana anaanza kuchomoa na kuchomeka waya.

Siwacheki, maana mimi niliyafanya hayo mbele ya watu. Niliandika programu ya namba za foleni kwa mteja mmoja hapa mjini: kijani, dirisha la huduma liko wazi, nyekundu, limefungwa. Mezani kwangu ilipendeza. Siku ya kukabidhi, kijani kikawa njano na nyekundu ikawa nyeusi tii. Bluu tu ndiyo ilibaki bluu. Mama mmoja kwenye benchi akaniuliza, "Mwanangu, hilo jeusi pana msiba?" Nikabadilisha kioo, nikalaumu vumbi la Agosti, nikawasha upya kila kitu. Kumbe skrini ile ilikuwa inaletwa kupitia mtandao kwa VNC yenye kina cha biti 16, yaani kila nukta ya skrini (piseli) ina biti 16 tu za rangi. Aliyeiweka alitaka kupunguza mzigo wa mtandao.

Tazama namba zenyewe. Nilikuwa nimeandika nyekundu kwa mkono kama 0xFF0000, namba ya msingi wa 16: FF ya nyekundu, 00 ya kijani, 00 ya bluu. Kwenye kina cha 24 hiyo ni nyekundu kweli. Kwenye kina cha 16 seva inabakiza biti 16 za mwisho, yaani 0x0000: nyeusi. Kijani, 0x00FF00, kinabaki 0xFF00. Na kwa kuwa pale biti 5 za juu ni za nyekundu, 6 za kati za kijani na 5 za chini za bluu, unapata nyekundu iliyojaa pamoja na kijani karibu kijae. Hiyo ndiyo njano yangu. Programu haikukosea hata kidogo. Nilikuwa nimeiambia seva kitu kisicho na maana kwake.

Kwa hiyo uliza. Seva ya X ina orodha ya vizuali, na kila moja inaeleza namna namba ya piseli inavyogeuka rangi. XGetVisualInfo unaipa kiolezo na maski inayosema ni sehemu zipi za kiolezo zizingatiwe, nayo inakurudishia safu nzima ya XVisualInfo pamoja na idadi yake. Humo mna depth (kina), class (aina), na maski tatu zinazoonyesha biti zipi ni za rangi ipi: red_mask kwenye ile skrini ya foleni ilikuwa 0xF800. Ukishajua unachokitaka, XMatchVisualInfo ni fupi zaidi: unataja skrini, kina na aina, inakujazia moja. Ikirudisha sifuri, usiguse ulichopewa. Kumbukumbu ya safu ya XGetVisualInfo iachilie kwa XFree ukimaliza nayo. Wanaoandika C++ watakuta class inaitwa c_class, basi wasishtuke.

Aina za vizuali ziko sita, urithi wa mashine za zama za X11 ilipotoka mwaka 1987, wakati rangi 256 zilikuwa utajiri. Leo utakutana karibu kila mara na TrueColor, na DirectColor kidogo. PseudoColor ijue tu kwa jina. Na kama unachohitaji ni rangi chache za vitufe, wala usihangaike na maski: XAllocColor inapokea nyekundu, kijani na bluu kutoka 0 hadi 65535, kisha seva yenyewe inakupa namba ya piseli inayofaa. Ningelijua hilo siku ile, yule mama asingepata la kuniuliza.

Sasa mahali ambapo wengi hulia. Umepata vizuali ya kina cha 32, unataka dirisha lipitishe mwanga, cha nyuma yake kionekane. Unaipeleka kwa XCreateWindow, programu inakufa na kosa la BadMatch, yaani vitu havilingani. Sababu ni kwamba usipotaja mpaka na jedwali la rangi, dirisha huyachukua kwa mzazi wake, na mzazi ana kina cha 24. Tengeneza jedwali jipya kwa XCreateColormap ukitumia vizuali hiyohiyo na AllocNone, weka border_pixel hata kama ni 0, halafu kwenye maski ya sifa uwashe CWColormap na CWBorderPixel zote mbili. Kina cha 32 peke yake bado hakithibitishi kuwa kuna alfa, yaani biti za kupima upenyevu. Hilo uliza XRenderFindVisualFormat, uone kama alphaMask si sifuri.

Kijana mmoja alishinda kwenye XMapWindow, amri ya kuonyesha dirisha, alasiri nzima, akiapa kwamba programu inafia hapo. Kosa lilikuwa mistari tisa juu yake. Xlib haitumi maombi papo hapo, huyarundika kwanza, kama konda anayesubiri gari lijae ndipo aondoke. Malalamiko ya seva hurudi ukiwa umeshafika mbali. Weka XSynchronize(dpy, True) mara tu baada ya XOpenDisplay inayofungua mawasiliano na seva, nalo kosa litakamatwa kwenye mstari wake. Programu itakuwa nzito, kwa hiyo mstari huo uutoe kabla ya kukabidhi.

Ile kompyuta ya pembeni haina siri yoyote. Ni Xvnc, seva ya X inayoonekana kupitia VNC, iliyowashwa na -depth 16, nawe unaweza kuiwasha kwenye laptopu yako usiku huu.