Cotswolds kwa baiskeli, nianzie wapi?

SWALI: Kaka mambo, mi naishi Reading, Uingereza, nimenunua baiskeli ya resi, kila mtu ananiambia niende Cotswolds, kule kwenye vilima na vijiji, lakini mi mtoto wa Mombasa, milima siijui. Nianzie wapi?

JIBU: Poa ndugu yangu. Panda treni hapo hapo Reading ushuke Moreton-in-Marsh, ila ulizia mapema nafasi ya baiskeli. Ukitoka stesheni achana na A429, ile ni njia ya kale ya Warumi, imenyooka na magari yanapita kwa fujo kweli. Pita Evenlode, kumetulia na karibu tambarare, kisha Broadwell, halafu unapanda Stow-on-the-Wold, hapo ndo utahema kidogo, weka gia nyepesi tu usione aibu. Ukishafika juu kazi kubwa imeisha, teremka Lower Swell, Upper Slaughter, Lower Slaughter mpaka Bourton-on-the-Water, nyumba za mawe ya rangi ya asali, vijito, kondoo, basi raha tupu! Bourton wikendi hujaa watalii, mi ningekunywa chai Stow. Broadway Tower, mnara ulio juu ya kilima cha mita 312, uache kwanza. Na breki zicheki, vinjia ni vyembamba na trekta hutokea konani ghafla.