Maswali ya Wasomaji: Nilisaini Sitaki NSSF, Bado Naweza Kudai?

SWALI: Wahariri, hamjambo? Niko kwenye godauni moja Shimanzi, mshahara 20,000. Siku ya kuajiriwa bosi alinipa karatasi nisaini kwamba NSSF siitaki. Sasa naacha kazi. Karatasi ile imenifunga? – Msomaji, Likoni

JIBU: Haikukufunga, ndugu yetu. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, haitokani na makubaliano yako na bosi. Inatokana na sheria, na wajibu unaanza pale ajira inapoanza. Nyinyi wawili hamna uwezo wa kuufuta, hata mkisaini mbele ya wakili.

Sheria ya NSSF ya 2013 inamtaka mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, akukate asilimia 6 na aongeze asilimia 6 kutoka mfukoni mwake. Kwako ni 1,200 na 1,200, jumla 2,400, zilipwe ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa karatasi ile bosi anabakisha ile 1,200 yake kila mwezi, yaani 14,400 kila mwaka, ndiyo maana anaipenda. Mchango ukichelewa, huongezwa asilimia 5 kwa kila mwezi: kwa 2,400 ni 120.

Nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pale Posta, Digo Road, Mombasa, na kitambulisho, uombe taarifa ya akaunti yako. Usiridhike na kuwa na namba ya uanachama. Wengi wana namba, akaunti haina kitu. Linganisha mwezi kwa mwezi na hati zako za mshahara. Kama hukupewa hati, jumbe za M-Pesa au taarifa ya benki zinaonyesha ulilipwa lini na kiasi gani. Kisha lalamika kwa maandishi NSSF na ofisi ya leba, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Usikawie: madai chini ya Sheria ya Ajira yana ukomo wa miaka 3.

Na ukigundua bosi alikuwa akikata bila kupeleka, hilo ni kosa la jinai: faini hadi 100,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote.

SWALI: Nyumbani sote wazima. Mbona SHIF, bima ya afya ya taifa, inanikata 550, na bosi hachangii hata senti? – Mama wawili, Kisauni

JIBU: NSSF ni akiba yenye jina lako, SHIF ni chungu kimoja cha wote. Kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, si chini ya 300, awe mgonjwa au mzima. Wazima wakiruhusiwa kujitoa, watabaki wagonjwa peke yao na mchango utapaa. Kuhusu bosi, manung'uniko yako yana msingi: Ujerumani ilipoanzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883, mwajiri alitoa theluthi moja. Sheria yetu inamtaka akate na kupeleka tu.

Hakikisha mume na watoto wameandikishwa chini yako. Kukatwa mshahara hakuwaandikishi, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari dirishani hospitalini.