Usipande Molo kwa Kalenda ya Ahero

Mwaka wangu wa kwanza Molo, kule Nakuru nchini Kenya, nilikodi ekari mbili, nikapanda mahindi mwezi wa nne na kupiga hesabu kama tunavyopiga kwetu Ahero, karibu na Kisumu: Agosti yatakuwa yamekauka, nitauza, karo ya muhula wa tatu itapatikana. Agosti ilipofika nilivunja hindi moja, nikaliminya punje kwa ukucha. Maziwa yakaruka. Mzee tuliyepakana naye mashamba akaniambia, "Binti, haya utavuna Novemba. Huku ni juu." Ilinibidi nikope karo.

Huku ni juu. Ikweta inayopita Maseno ndiyo hiyo hiyo inayopita karibu na Timboroa, lakini Maseno utatembea na blauzi nyepesi, na Timboroa utawakuta wachungaji wamevaa makoti mchana. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ahero iko kwenye mita 1,150 hivi, Molo karibu 2,500. Baridi hiyo huchelewesha mahindi hata kama mvua ni nzuri na mbolea umeweka.

Ndiyo maana mbegu nayo ina kwao. Mbegu ya mahindi ya H614 ni ya nyanda za juu, na huhitaji miezi sita au zaidi. Ukiipeleka tambarare ya Kano, iliko Ahero, mvua ya masika itakukatikia kabla haijakomaa. Huko chini tafuta ya miezi minne au mitano, kama H513.

Mvua pia ina tabia zake. Kisumu asubuhi jua huwaka, adhuhuri upepo wa ziwani huingia bara na kukutana na ule wa mashariki unaotoka milimani, na jioni radi zinanguruma. Mama yangu huanika mtama alfajiri, na saa nane turubai limeshakunjwa, hata kama mbingu ni nyeupe. Kericho nako mawingu kama hayo huangusha mvua ya mawe juu ya majani chai. Nakuru mjini, chini bondeni, hupata mvua kidogo kuliko Molo, na si mbali.

Kabla ya kulipia shamba, angalia mwinuko wake kwenye simu, kisha waulize majirani wanavuna lini. Wengi huuliza siku ya kupanda tu. Mimi siku hizi nusu ekari ni ya viazi. Nikivipanda Aprili, kufikia Agosti nimeshavichimba, na karo hutoka hapo.