Kukaimu umeneja wa tawi, kisha kupitwa

Dada, umekaimu umeneja wa tawi la benki hapo Mbeya, kisha akaletwa mwingine eti wewe una mtoto mchanga. Pole. Kwanza itafute barua ya kukaimu. Bila hiyo faili lako halionyeshi kitu. Andaa ukurasa mmoja wa takwimu: mikopo chechefu (isiyolipwa inavyotakiwa) ilikuwa asilimia ngapi ulipopokea tawi na ngapi ulipokabidhi, amana zilipanda kiasi gani. Mpelekee meneja wa kanda, maana majina hujadiliwa kwenye kikao usichoingia, lazima awepo wa kukusemea. Vigezo vya uteuzi viombe kwa barua pepe, si kwa mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia na ujauzito, ila kwenye CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) malalamiko ya aina hii yana ukomo wa siku 60. Muone wakili sasa. "Mwakani tutakufikiria" hula siku hizo.